Dawa na Neno Lake

Katika maradhi yote yanayompata binadamu, ni machache yanayodharauliwa mno na wasiokuwa nayo, na kuwatesa mno walio nayo, kama chunusi. Hazimlazi mtu kitandani, hazimzuii kula wala kutembea, na aghalabu humjia katika umri unaohesabiwa kuwa wa nguvu na furaha. Kwa hiyo kijana anayelalamika huambiwa avumilie, aoge vizuri, aache mafuta, au aingoje siku ya kuoa, kwani husadikiwa na wengi kuwa ndoa huzimaliza. Nasaha hizo hutolewa kwa mapenzi, lakini hazina msaada. Chunusi hutoka pale vishimo vya vinyweleo vinapozibwa na mafuta ya ngozi na seli zilizokufa, vijidudu vikastawi humo, na ngozi ikavimba katika kupambana navyo. Na kinachozidisha mafuta hayo ni homoni za ujana, wala si uchafu wala ukapera. Juu ya ngozi nyeusi kila kipele kinachopona huacha doa linalokaa miezi mingi, hata mwenye uso huo akawa ameugua mara mbili, kwanza kwa kipele, kisha kwa alama yake. Kijana wa namna hiyo anapokwenda kwa tabibu hafuati anasa. Anafuata tiba ya ugonjwa wa kweli, na ana haki ya kupewa tiba kamili.

Neno hili la tiba kamili ndilo nililokusudia kulieleza. Nimejifunza kwa mwili wangu mwenyewe, na baada ya miaka mingi nikalithibitisha kwa mpwa wangu, kwamba dawa ya kuandikiwa ina sehemu mbili, kidonge na maelezo yake, na kwamba mgonjwa aliyepewa sehemu ya kwanza akanyimwa ya pili amepewa dawa pungufu, hata kama kidonge chenyewe ni bora kuliko vyote vilivyomo dukani.

Mimi ni mzaliwa wa Mabira, nchi ya vilima, migomba na mibuni katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, iliyokuwa chini ya wilaya ya Karagwe mpaka wilaya ya Kyerwa ilipoundwa mwaka 2012. Ujana wangu uliangukia katikati ya miaka ya 1990, na yeyote aliyeishi Kagera wakati ule anajua ulikuwa wakati gani. Mkoa wetu ndio uliotangulia kugunduliwa wagonjwa wa ukimwi katika Tanzania, mwaka 1983, na muda si mrefu hapakuwa na ukoo usiokuwa na kaburi bichi wala kijiji kisichokuwa na mayatima. Kwa kuwa ugonjwa ule mara nyingi ulijidhihirisha kwa vipele na madoa, ngozi ya mtu ikawa barua ya wazi ambayo kila mpita njia alijipa ruhusa ya kuisoma. Kijana mwenye chunusi nyingi hakuchekwa tu na wenzake kama vijana wanavyochekana popote duniani. Alitazamwa kwa huruma ya kutisha, akapishwa kisimani, na mama yake akaulizwa kwa sauti ya chini kama mwanawe anapata usingizi. Nilikuwa kijana huyo. Mashavu yangu, paji la uso na mgongo vilijaa vipele vigumu vyenye usaha, nami nilifika mahali pa kutamani jua lichwe mapema ili nitembee gizani.

Hatimaye mama aliuza kuku, akanipa nauli, nikaenda hospitali. Daktari aliyeniona alikuwa mtu mpole mwenye foleni ndefu mlangoni pake. Alinitazama uso, akaniuliza umri, akaandika, nami nikaenda kwenye dirisha la dawa. Hapo nilipewa bahasha ndogo ya karatasi ambayo ninaikumbuka mpaka leo kama ninavyokumbuka cheti changu cha shule. Juu yake palikuwa na jina langu lililokosewa herufi moja, jina la doksisaiklini kwa mwandiko wa haraka, na chini yake tarakimu mbili zilizotengwa na alama ya kuzidisha, 1x1, maana yake kidonge kimoja mara moja kwa siku. Hapakuwa na neno jingine. Ndani yake vilikuwamo vidonge vya rangi mbili, na daktari aliniaga kwa kunitakia heri.

Dawa ile ilikuwa sahihi. Doksisaiklini ni ya jamii ya tetrasaiklini, dawa ambazo aina yake ya kwanza ilitangazwa mwaka 1948, nazo zimewatibu watu wasiohesabika duniani, wenye chunusi wakiwemo, kwa kuvipunguza vijidudu na kutuliza uvimbe wa ngozi. Lakini kila dawa yenye nguvu ya kutenda jema ina nguvu ya kutenda na jingine, na jamii hii ina tabia ambazo anayeitumia hana budi kuzijua. Kidonge chake kikimezwa kwa maji machache, kisha aliyekimeza akalala, huweza kunata katika umio kabla ya kufika tumboni, kikayeyuka hapo na kuuchoma kwa ukali wake. Dawa ikishaenea mwilini huifanya ngozi ishindwe kulistahimili jua, na si ngozi peke yake, bali hata nyama iliyo chini ya kucha. Haya yote yanajulikana na yameandikwa katika vitabu vya utabibu. Ila hayakuwamo katika bahasha yangu.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Kwetu kahawa ya robusta haimenywi inapochumwa. Huanikwa nzimanzima pamoja na maganda yake, juu ya majamvi au juu ya uwanja uliofagiliwa, na mtu lazima ashinde nayo kutwa, aipindue kwa mikono na kwa reki ya mti, aikusanye wingu linapotanda na kuitandaza tena jua linapotoka. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikesha na dawa usiku na kushinda na jua mchana, ima fa ima, bila kujua kuwa viwili hivyo havipatani. Kidonge nilikimeza wakati wa kulala, kwa funda moja la maji, kwani mtungi wa ndani ulikuwa mdogo na kisima kilikuwa bondeni. Baada ya muda usio mrefu nilianza kuhisi nyuma ya kidari moto ambao haukuwa kiungulia ninachokijua. Kila tonge la ndizi lilishuka kama limefungwa miiba, na hata mate yalikuwa mzigo. Uso na mikono vikawa vinawaka kila nilipotoka nje. Kisha likaja jambo lililowatisha watu kuliko yote: kucha za vidole vya mikono, zile zilizokuwa zikipindua kahawa juani, ziligeuka rangi kuwa hudhurungi, zikauma, halafu zikaanza kuinuka nchani na kuachana na nyama yake.

Kifua kilichonizuia kula, mwili uliokonda kwa kutokula, na kucha zinazobanduka, vilikutana katika mtu mmoja ambaye uso wake ulikuwa umeshatiliwa shaka. Wapo waliosema nimerogwa kwa ajili ya shamba la marehemu baba, na wapo waliosema jambo ambalo katika miaka ile halikuhitaji kutajwa kwa jina. Mama hakusema neno, lakini niliona namna alivyoanza kunitengea kikombe changu, kisha akajuta, kisha akakirudisha miongoni mwa vikombe vingine. Sijamlaumu kwa hilo hata siku moja. Nimelitaja ili msomaji aone kwamba madhara ya dawa hayaishii katika kiungo yanachokigusa. Mtu asipoelezwa chanzo chake, yeye na jamaa zake hujitafutia maelezo katika hofu iliyopo karibu, na hofu ya mahali petu ilikuwa kubwa.

Aliyenitoa katika giza hilo alikuwa muuguzi wa zahanati ya karibu nasi, mama wa makamo aliyezalisha nusu ya watoto wa kata, na mazungumzo yetu yalikuwa mafupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapa penye mwanga, unipe mikono yako." Alizigeuzageuza kucha zangu mbele ya dirisha, akaminya moja taratibu, akaniangalia nilivyokunja uso. "Unameza dawa gani?"

Nilimpa bahasha. Aliisoma, akaikunjua ndani, akavihesabu vidonge vilivyobaki.

"Hivi unavimeza saa ngapi?"

"Usiku, mama, nikienda kulala."

"Kwa maji kiasi gani?"

"Funda moja, mama."

"Na mchana unashinda wapi?"

"Uwanjani, mama, naanika kahawa."

"Basi sikiliza. Haya ya kifua na ya kucha si uchawi, wala si gonjwa lile mnalolinong'onezana. Ni dawa hii, nayo ni dawa njema, ila hukuambiwa namna ya kukaa nayo."

Alinieleza yote kwa lugha ambayo hata mdogo wangu angeifahamu: kwamba kidonge hiki humezwa kwa bilauri nzima ya maji, mtu akiwa amesimama au ameketi wima, baada ya kula kitu, naye asijilaze mpaka ipite angalau nusu saa, kwamba mwenye kukitumia hujifunika kwa kofia pana na shati la mikono mirefu, au huomba kazi ya kivulini, na kwamba maziwa na vidonge vya madini ya chuma huizuia dawa ya jamii hii isiingie mwilini sawasawa, kwa hiyo visichukuliwe pamoja. Kisha akaniuliza kama nimempa mtu yeyote vidonge vile. Jirani yetu alikuwa amekwisha kuniomba viwili, avifungue na kumnyunyizia mwanawe unga wake juu ya kidonda, kama ilivyokuwa desturi ya wengi. Muuguzi alikataza kwa ukali ambao sikuutazamia, akasema dawa iliyoandikiwa mtu mmoja haigawiwi kama chumvi. Na akaongeza kuwa mtoto aliye chini ya miaka 8, na mama mjamzito, hawapewi dawa ya jamii hii kwa sababu za kawaida kama hizo, kwani huingia katika meno yanayoumbika na kuyatia rangi isiyotoka kwa mswaki wowote. Alinirudisha kwa daktari nikiwa na barua yake, na daktari aliipokea kwa insafu, akaibadili dawa. Kifua kilipona haraka. Kucha, ambazo huota polepole, zilichukua miezi. Chunusi zenyewe zilikuja kutulia baadaye.

Miaka ilipita, nami nikawa mjomba wa binti aliyeurithi uso wangu wa ujana. Alipokuwa akisoma Mwanza chunusi zake zilizidi zangu kwa ukali, zikawa mafundo yanayoacha makovu yenye mashimo, na dawa za kupaka na vidonge vya kawaida havikufua dafu. Daktari wa ngozi alimwandikia isotretinoini, na hapo ndipo nilipojifunza somo langu la pili, kwa kuwa dawa hii ni nzito kuliko ile iliyoniumiza mimi, tena kwa mbali. Ni jamaa ya vitamini A, ile ambayo mama zetu wanaijua kwa matone wanayopewa watoto wadogo kliniki, lakini imeundwa kwa namna ya kukausha tezi za mafuta ya ngozi katika mzizi wake, hata chunusi zilizoshinda kila kitu zikatoweka, na kwa wengi zisirudi tena. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na haukupita muda mrefu kabla ya kuanza kupatikana taarifa za watoto waliozaliwa na kasoro za masikio, moyo na ubongo kwa sababu mama zao waliitumia wakiwa wajawazito. Ulimwengu ulikuwa umekwisha kuonywa kwa talidomaidi, dawa iliyoanza kuondolewa sokoni mwaka 1961 baada ya kulemaza maelfu ya watoto tumboni. Kwa hiyo isotretinoini haikuachwa itembee peke yake. Tangu mwaka 2006 Marekani imeweka utaratibu ambao mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi dawa hii bila kupimwa na kuthibitika kwamba hana mimba, wala bila kukubali kujikinga tangu mwezi mmoja kabla ya kuianza mpaka mwezi mmoja baada ya kuiacha.

Mpwa wangu alinipigia simu jioni ya siku aliyoandikiwa.

"Shikamoo, mjomba. Nimepewa karatasi nzima ya madhara, mbele na nyuma, nikaambiwa niisome kabla ya kutia sahihi. Mjomba, nimeogopa."

"Marahaba, mwanangu. Isome tena, kisha unisomee na mimi."

Alinisomea neno kwa neno. Kwamba midomo itakauka na kupasuka, jambo linalompata karibu kila mtumiaji. Kwamba macho yatakauka na pua huenda ikatoka damu. Kwamba viungo na misuli huweza kuuma, hasa kwa mwanamichezo. Kwamba damu ipimwe kabla ya dawa na wakati wa dawa, kuangalia ini na mafuta yaliyomo katika damu. Kwamba asimchangie mtu damu mpaka upite mwezi mmoja baada ya kumaliza, isije ikaingia kwa mjamzito. Kwamba asinywe vidonge vya ziada vya vitamini A, wala doksisaiklini kwa wakati mmoja na dawa hii, kwani zikichanganywa huweza kuongeza shinikizo ndani ya fuvu la kichwa. Na kwamba, kwa kuwa wako watumiaji waliopatwa na huzuni nzito, amwombe mtu wa karibu amtazame hali yake ya moyo, akaseme mapema akiona mabadiliko. Juu ya yote palikuwa na hilo la mimba, limepigiwa mstari, na daktari alikuwa amelieleza kwa mdomo pia, bila kumtia haya wala kumhukumu.

Alikubali, akaanza. Midomo ilipasuka kama alivyoambiwa, na mafuta ya mgando yalikuwa mfukoni mwake kabla haijapasuka. Pua ilitoka damu asubuhi moja ya kiangazi. Mwenzake wa chumbani, aliyekuwa ameisoma karatasi ileile, alimkalisha, akambana pua, wakangoja, kisha wakaenda darasani. Kipimo kimoja cha damu kilionyesha mafuta yamepanda, daktari akapunguza kipimo cha dawa, nayo yakashuka. Hakuna aliyesema amerogwa. Hakuna aliyetengewa kikombe. Dawa iliyokuwa na madhara mengi zaidi ilipita katika mwili wake kwa salama kuliko ile nyepesi ilivyopita katika mwili wangu, na tofauti pekee niliyoweza kuiona, nikitafakari kwa uadilifu, ilikuwa ni maneno.

Wapo waganga waaminifu wanaodhani kwamba mgonjwa akitajiwa madhara ataogopa na kuikimbia dawa. Sikubaliani nao. Anayeikimbia dawa ni yule anayepatwa na jambo asilolitarajia, kwani hana njia ya kupambanua lililo la kawaida na lililo la hatari. Lakini aliyeambiwa huingia katika tiba akiwa mshirika wa tabibu wake, akijua lipi avumilie, lipi alitibu nyumbani, na lipi limrudishe hospitali siku hiyohiyo. Wapo pia wagonjwa, na sisi wa vijijini ndio wengi wao, tuliolelewa kuamini kwamba kumuuliza daktari ni kumkosea adabu. Hilo nalo si kweli. Mwenye kuuliza kwa upole anaiheshimu elimu ya anayemuuliza, kwa maana anaihitaji na anataka kuifuata.

Jambo hili ni zito zaidi siku hizi, kwa kuwa dawa za kuandikiwa zimeingia magulioni bila cheti na bila mtu wa kuzisemea. Krimu zenye steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, ambazo zina kazi yake halali katika maradhi mengine ya ngozi, hupakwa na vijana wetu usoni kwa ajili ya chunusi. Siku za mwanzo huutuliza uvimbe na kuung'arisha uso, na hapo humnasa mtumiaji, kisha huikondesha ngozi, huidhihirisha mishipa, huzalisha chunusi za aina yake, na akiziacha ghafla uso hulipuka vibaya kuliko mwanzo. Nchi yetu ilitunga sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 2003, na mamlaka ya dawa, inayoitwa TMDA tangu mwaka 2019, hupokea taarifa za madhara ya dawa. Pia chuo cha maradhi ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1992, hufundisha madaktari na matabibu wanaorudi kuwahudumia watu walio mbali na miji. Vyote hivyo vina faida kubwa, lakini haviwezi kumfikia kijana wa Mabira ikiwa mtu wa mwisho katika mnyororo huo, yule anayeikabidhi bahasha dirishani, atanyamaza.

Kwa hiyo nawausia wazazi wenye watoto wa umri huo wasiwaache waende peke yao na aibu yao. Wafuatane nao, na kabla ya kuondoka dirishani waulize: dawa hii humezwa au hupakwa vipi, haipatani na nini, itamfanyia nini mwanangu pamoja na kumponya, na nikiona dalili gani nirudi bila kungoja? Binti aulize juu ya mimba bila kuona haya, na tabibu amjibu bila kumtazama kwa jicho baya. Wakipatwa na madhara warudi kituoni wakaseme, ili yaandikwe na wengine wanufaike. Na ninyi mnaoandika na kugawa dawa, najua foleni zenu ni ndefu na mishahara yenu si mikubwa. Lakini yule muuguzi wa kwetu naye alikuwa na foleni, na maswali yake hayakumchukua muda wa kuchemsha chai. Dakika hizo chache ni sehemu ya tiba, na mgonjwa anazidai kwa haki ileile anayodai kidonge.